Shemeji Amenishtaki

Jerome Pask alikuwa akijaza sufu kwenye tandiko la farasi wa padri wakati Lovibond, tarishi wa mahakama ya mji, alipoingia karakanani na kuvua kofia. Hiyo kofia ndiyo iliyomshangaza. Lovibond alikuwa mtu wa kuingia kwa kelele, kukalia marobota ya ngozi na kuanza kusimulia habari za watu. Siku hiyo alisimama mlangoni kimya, mdomo ameufumba.

"Nani amekufa?" Jerome akauliza.

"Hajafa mtu, bwana Pask. Una kesi."

"Mimi?"

"Wewe. Kesi ya deni, pauni nne." Lovibond akakohoa. "Mdai ni Crispin Aldous."

Jerome alicheka. Alicheka kwelikweli, sindano mkononi, hadi akalazimika kuiweka chini asijidunge. Crispin Aldous alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Maudlin. Alikuwa na mashimo ya kulowekea ngozi kule mtoni, na Jerome alikuwa akichukua ngozi kwake kwa mkopo tangu wote wawili walipokuwa na nywele kichwani. Hakuna aliyewahi kumbana mwenzake. Mwaka ukiisha walikaa mezani na jagi la bia, wakapiga hesabu, wakabishana kidogo, na aliyebaki na deni akalibeba mpaka mwaka mwingine. Na Jumapili iliyopita tu walikuwa wamekula pamoja bata bukini, Crispin akimnyang'anya Jerome paja huku watu wote mezani wakicheka.

"Umekosea nyumba, Lovibond."

"Nikosee nyumba vipi, nami nimezaliwa mtaa huu? Soma mwenyewe."

Jerome akaipokea karatasi aliyonyooshewa, akasoma. Jina lake lilikuwapo, na la shemeji yake, na muhuri wa mji wa Marlcombe chini yake. Shauri lingesikilizwa Jumanne. Akaigeuza ile samansi upande wa pili kana kwamba kule nyuma pangekuwa na maneno ya kumweleza kuwa ni mzaha. Hapakuwa na kitu.

"Nina deni kwake, sikatai," akasema polepole. "Lakini si angeniambia tu? Nyumba yake ile pale, nauona moshi wake."

"Mimi natumwa tu, bwana Pask," Lovibond akajibu, akavaa kofia yake na kutoka haraka.

Thomasin, mke wake, alisikia yote kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache ila makali. Alikuja akipangusa mikono kwa aproni, akaisoma samansi, akamtazama mumewe.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu!"

"Mtu hakushtaki bure, baba Petronell. Umemtukana?"

"Lini? Huyu mtu nimekula naye Jumapili."

"Basi chukua zile pesa za kununulia sufu, umpelekee, yaishe. Tutanunua sufu baadaye."

Jerome akazifunga pesa kwenye kitambaa, akateremka mtoni. Njiani alikuwa akipanga maneno. Angemtania kwanza. Angemwambia, karibu shaurini, bwana mdai. Kisha angemwekea pesa mezani, Crispin angeona haya, naye angemsamehe palepale. Alifika akiwa ameshaanza kutabasamu.

Crispin alikuwa kando ya shimo, akigeuza ngozi kwa mti mrefu. Alipomwona Jerome hakuuacha ule mti.

"Shemeji," Jerome akasema, "nimekuletea chako. Pauni nne kamili. Tarishi wako kanitia jasho la bure."

"Rudi nazo."

"Nini?"

"Rudi nazo nyumbani, Jerome. Sizitaki."

"Huzitaki vipi, nawe umenishtaki kwa ajili yake?"

Crispin akasukuma ngozi ndani ya yale maji meusi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Niletee Jumanne. Au Jumatano. Leo sipokei."

"Leo zina kasoro gani? Crispin, nitazame."

Hakumtazama. Jerome akaweka kitambaa juu ya ukuta wa shimo. Crispin akaacha mti, akakichukua, akakirudisha mkononi mwa Jerome na kumkunjia vidole juu yake, kwa upole, kama unavyompa sarafu mtoto aendaye dukani. Dirishani Jerome aliona uso wa dada yake Maudlin, mwekundu, umevimba. Alipompungia mkono, pazia likashuka.

Alirudi nyumbani asijue amekwenda kufanya nini. Katika maisha yake alishaona watu wanaokataa kulipa. Wa kukataa kulipwa, na huku amefungua kesi, hakuwahi kumwona.

Sasa, wiki hiyo mji wa Marlcombe ulikuwa umechafuka, na Jerome alijua umechafuka, ila hakuona hilo linamhusu nini. Jumatatu madiwani wa baraza wangemchagua meya mpya. Waliogombea walikuwa wawili. Philemon Hext alikuwa tajiri wa nguo za sufu, mtu mkavu, wa kanisani, asiyecheka. Ozias Rudge alikuwa mwuza mvinyo, mnene, wa kumshika kila mtu bega. Walikuwa wakichukiana kwa sababu ya ukuta, wengine wakasema ni kwa sababu ya kiti cha mbele kanisani, na kwa miaka wamekuwa wakiugawanya mji vipande viwili. Mwoka mikate wa Hext hakumwuzia mtu wa Rudge. Kinyozi wa Rudge alimkata mtu wa Hext sikio, akasema mkono umeteleza.

Jerome alikuwa diwani kwa sababu baba yake alikuwa diwani. Barazani alikaa nyuma, karibu na moto. Hext alipomwuliza barabarani kama yuko pamoja naye, alijibu, "Bwana Hext, tuombe heri." Rudge alipomwuliza, alijibu hivyo hivyo. Alidhani amewaridhisha wote.

Kwa hiyo jioni ile, akitafuta mtu wa kumshauri juu ya shemeji yake, alikwenda kwa Rudge. Alimshonea tandiko mwezi uliopita, na Rudge alikuwa mtu wa kusikiliza. Alimwita ndani, akammiminia mvinyo.

"Kakushtaki? Shemeji yako wa damu?"

"Wa kuoa dada yangu."

"Dunia imeharibika, Pask. Na pesa kakataa?"

"Kakataa. Kasema mpaka Jumanne."

Rudge aliguna, akakuna kidevu. Macho yake madogo yalikuwa yakicheza. "Jumanne," akarudia. "Haya. Pesa atazipokea, usihofu. Ila niambie kitu. Yule shemeji yako bado ni mtu wa Hext?"

"Ananunua kwake, anauza kwake. Kila mtu ni wa mtu."

"Kweli. Na nyinyi mko karibu sana?"

"Tulikuwa, mpaka leo asubuhi."

"Kweli," Rudge akasema tena, akampigapiga bega mpaka mlangoni. "Nenda kalale. Usiwe na wasiwasi."

Jerome akalala. Asubuhi Lovibond akaja tena, na safari hii kofia aliivua akiwa bado barabarani.

"Usinipige," akasema.

"Crispin tena?"

"Hapana. Bwana Rudge. Pauni tatu, mvinyo wa harusi ya binti yako."

Jerome alikaa chini. Harusi ya Petronell ilikuwa imepita miaka kadhaa, Petronell ana watoto wawili sasa, na ule mvinyo ulilipwa kabla pipa halijafunguliwa, kwa sababu Rudge hakumkopesha mtu mvinyo wa harusi. Mji mzima ulilijua hilo.

"Jana alinipa mvinyo," akasema Jerome. "Kwa mkono wake. Akaniambia nikalale."

Thomasin akatokea na mwiko. "Lovibond! Wewe ukija hapa mara ya tatu, utaondoka bila meno. Mume wangu ana deni na nani mwingine? Na askofu? Na mfalme?"

"Mama Petronell, naapa, mimi—"

"Kaa hapo useme kinachoendelea. Kwa lugha ya watu."

Lovibond akalikalia robota la ngozi, mahali pake pa siku zote, na huenda ndiko kulikomfungua mdomo. Alitazama mlango, akashusha sauti. Kulikuwa na kanuni ya zamani ya mji, akasema, ambayo hakuna aliyekuwa akiikumbuka. Diwani mwenye kesi ya deni mahakamani haketi barazani mpaka kesi imalizike. Wakili wa Hext ndiye aliyeifukua mwaka huu. Asiyeketi hapigi kura.

"Kwa hiyo Hext hataki nipige kura," Jerome akasema.

"Anaamini wewe ni mtu wa Rudge. Umemshonea tandiko, unaonekana kwake."

"Na Rudge?"

"Rudge anaamini wewe ni mtu wa Hext. Kwa sababu ya shemeji yako. Ile kesi ya jana hakuiamini, alidhani mmepanga, kwamba Aldous ataifuta Jumatatu asubuhi uje umpigie Hext kura. Basi na yeye akaweka ya kwake, kufuli juu ya kufuli."

Lovibond akajikuna shingo.

"Kwani, bwana Pask, ulikuwa unamchagua nani?"

Jerome akafikiri. Alifikiri kwa bidii, maana alihisi anadaiwa jibu, na wote wawili walikuwa wakimtazama.

"Sijui," akasema mwishowe. "Sikuwa nimelifikiria."

Thomasin akaushika mwiko kwa mikono miwili, akaketi karibu na mumewe, akaanza kucheka, na kicheko kilipokwisha akawa anafuta machozi. "Na Crispin?" akauliza. "Crispin naye anatumwa na Hext kama mbwa, hata kwa ndugu zake?"

Hilo ndilo lililobaki kumkereketa Jerome. Hext alikuwa Hext. Rudge alikuwa Rudge. Lakini Crispin alikuwa na mdomo. Angeweza kusema, shemeji, vumilia, ni mchezo wao. Siku zile mbili Jerome hakuweza kushona mshono ulionyooka. Aliwaza, labda amemkosea Crispin zamani, kosa ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Aliwaza, labda Crispin siku zote alimchukia, hata akila bata wake. Kisha akajiambia hapana, haiwezekani, na saa hiyo hiyo akaanza upya.

Jumatatu kengele ya baraza ililia naye akabaki karakanani, amevaa aproni. Aliendelea na tandiko la padri. Hata hivyo, asubuhi haikuwa imekwenda mbali Lovibond alipokuja mbio, anahema, kofia hana kabisa.

"Twende! Twende, wanakuita!"

"Mimi nina kesi. Mbili."

"Huna! Zimefutwa! Diwani mmoja yuko kitandani na homa, waliobaki wamegawana nusu kwa nusu, na meya anayetoka kafunga milango, kasema hatoki mtu mpaka apatikane mmoja. Hext kasema ya Aldous ifutwe, ana hakika na kura yako, sijui kwa nini. Rudge kasikia hivyo, akasema Pask amekasirishwa na shemeji yake, hawezi kumchagua Hext, akafuta ya kwake. Twende, bwana, usivue hata hiyo aproni!"

Barabarani watu walikuwa wamejaa. Wengine walimpigia makofi, wengine walimzomea, na walio wengi hawakuwa na uhakika wafanye lipi. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Pask, usiuze roho yako!" naye hakujua anamaanisha asiiuze kwa nani.

Kwenye ngazi za jumba la baraza alisimama Crispin. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nyuma yake, ukutani, waliegemea watumishi wawili wa Hext, wakitazama kando kama watu wasiosikiliza. Crispin akamshika Jerome mkono.

"Mchague Hext," akasema. "Shemeji, nakuomba. Mchague Hext."

Jerome akamtazama usoni. Siku zote hizo alikuwa akingojea Crispin amwangalie na kusema jambo, na jambo lenyewe likawa hilo.

"Ndicho ulichonacho cha kuniambia?"

"Jerome, tafadhali."

"Nilikuletea pesa ukanirudishia. Nikauliza kosa langu ukageukia ngozi zako. Leo umepata ulimi, na ulimi wenyewe wa Hext."

Crispin akatazama nyuma, kwa wale wawili. Akafungua mdomo. Akaufunga. "Nakuomba tu," akarudia.

Jerome akaunyofoa mkono wake, akapanda.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya makoti yaliyolowa. Madiwani walikuwa wamekaa pande mbili, na kila uso ulimgeukia. Hext aliketi wima, akitazama meza. Rudge alimkonyeza. Jerome aliliona lile jicho likifumba na kufumbua, akakumbuka mvinyo na bega lililopigwapigwa. Alitaka kusema simchagui yeyote. Alitaka kuuliza kama inaruhusiwa.

"Jerome Pask," karani akasema, "taja jina."

Alikuwa akiufikiria mkono wa Crispin. Jinsi ulivyomshika, kana kwamba bado una haki ya kumshika.

"Rudge," akasikia sauti ikisema, na ilikuwa yake.

Kelele zilizofuata hakuzisikia vizuri. Watu walimkumbatia ambao hawakuwahi kumsalimu. Rudge alimbusu shavuni. Alipotoka nje kumtafuta Crispin, ngazi zilikuwa tupu.

Siku ya Alhamisi Maudlin alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya karakana, kilemba chake kimekaa upande, akasema, "Wanachukua kila kitu, kaka. Wamechukua hata kitanda."

"Nani?"

"Watu wa Hext. Crispin alikopa kwake pesa za kuchimba mashimo mapya. Kaweka sahihi kwenye hati, Hext aidai siku yoyote anayotaka. Kaidai Jumanne."

Jerome akashika ukingo wa meza.

"Alimwambia amshtaki shemeji yake, au ailipe hati," Maudlin akaendelea. "Na akikwambia neno moja tu, ailipe hati. Ndiyo maana pesa zako hakuzipokea. Usiku alikuwa halali, anazungukazunguka ndani. Halafu Jumatatu Hext akamwambia, kura ya Pask ikija kwangu hati naichana, isipokuja naitoza. Na wale watu wake wakasimama pale wasikilize kama Crispin atakwambia sababu."

"Kwa nini wewe hukuja kuniambia?"

"Mimi?" Maudlin akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza. "Nilidhani utamsikiliza. Kakuomba. Lini Crispin amewahi kukuomba kitu?"

Jerome hakungoja kuvaa koti. Alikwenda moja kwa moja kwa Rudge, ambaye sasa alikuwa meya na kwa hiyo ndiye aliyeketi kiti cha mbele mahakamani. Alimkuta anakula pai ya nyama. Alimweleza yote, maneno yakigongana, akamwomba aizuie ile hati, hata kwa mwezi mmoja.

Rudge alitafuna akamaliza. "Hati ina sahihi yake?"

"Ina sahihi."

"Basi sheria ni sheria, Pask."

"Bwana Rudge, umekaa kiti hicho kwa kura yangu."

"Nami nashukuru, na kila mtu anajua nashukuru. Lakini Aldous ni mtu wa Hext. Nimsaidie mtu wa Hext, watu wangu wanielewe vipi?"

"Hext ndiye anayemfilisi!"

"Hilo ni lao wenyewe," Rudge akasema, akajikatia kipande kingine.

Jerome alisimama nje ya mlango ule muda mrefu, akijaribu kulipanga jambo kichwani. Crispin alifilisiwa na Hext kwa kuwa mtu wa Hext. Rudge hakumwokoa kwa kuwa mtu wa Hext. Na yeye, Jerome, ambaye hakuwa mtu wa yeyote, ndiye aliyemsukuma shimoni. Alianza upya kutoka mwanzo, akafika mwisho uleule.

Crispin na Maudlin walihamia chumba cha juu ya karakana. Mashimo ya mtoni aliyachukua mpwa wa Hext. Wiki za kwanza Crispin alishuka asubuhi, akaketi kwenye benchi na kukata ngozi bila kuulizwa, na alikata vizuri, kwa kuwa mikono yake ilijua ngozi kuliko ya Jerome. Hawakusemeshana ila nipe kisu, shika hapa, funga mlango baridi inaingia. Thomasin aliwapakulia wote kipimo kile kile, Crispin sawa na mumewe. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

Siku moja Jerome akashindwa. "Nikuombe radhi," akasema, "au wewe ndiye wa kuniomba? Nimejaribu kujua, sijui."

Crispin akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari. "Hata mimi nimejaribu," akasema. "Kuna siku naamka nimekukasirikia. Siku nyingine naamka nasikia haya hata kushuka ngazi. Leo sijui ni ipi."

"Ungenikanyaga mguu tu pale kwenye ngazi. Ungenipa ishara."

"Ishara gani, Jerome? Wewe uliwahi kuelewa ishara?"

Jerome akafikiri, akakubali kuwa hakuwahi.

Kabla ya Krismasi Lovibond akaja. Alisimama barabarani na kuita kutoka huko, akimchungulia Thomasin. Mali za Crispin zilipochukuliwa, madeni aliyokuwa akiwadai watu yalichukuliwa nazo. Kwa hiyo zile pauni nne za ngozi Jerome sasa alidaiwa na Hext.

Hakubisha. Alizichukua pesa, akapanda mtaa wa juu, akaingizwa kwenye chumba chenye vitambaa vya sufu mpaka darini. Alikuwa amejiandaa kwa ubaya wowote. Lakini Hext alizihesabu mara moja, akaandika hati ya kupokea, akapiga muhuri, akamwuliza hali ya mkewe.

"Hajambo, bwana."

"Na dada yako?"

Jerome akamtazama kuona kama anamdhihaki. Uso wa mtu yule ulikuwa kama wa siku zote, mkavu, wa heshima. "Yupo kwangu," akasema.

"Vizuri. Theluji itakuwa nyingi mwaka huu. Ziba paa lako mapema." Hext akasimama kumfungulia mlango mwenyewe.

Nyumbani Crispin alikuwa bado kwenye benchi. Hakuinua kichwa.

"Kazipokea?"

"Kazipokea."

"Alikuwaje? Usoni, namaanisha."

"Kawaida tu. Kaniambia nizibe paa."

"Paa?"

"Paa."

Crispin akaweka kisu chini. Wakatazama juu wote wawili, kwenye mbao zilizobadilika rangi kwa unyevu upande wa ukuta wa kaskazini, wakaona Hext amesema kweli, wakakaa hivyo mpaka Maudlin alipowaita kula.